Kuchagua Kasha la Kompyuta ya Mezani: Vipimo, Hewa na Mahali Litakapokaa

Kasha la kompyuta ya mezani halifanyi hesabu wala halihifadhi kumbukumbu, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi hulifikiria mwisho, prosesa, kadi ya michoro na diski zikiwa zimekwisha kulipiwa, wakalichagua kwa fedha iliyosalia na kwa rangi ya taa zake. Utaratibu huo una hasara, kwa kuwa kasha ndilo linaloamua ni vifaa gani vitaingia, vitapata hewa kiasi gani, na fundi atasumbuka kiasi gani siku ya kuvisafisha au kuvibadilisha. Mwongozo huu unamkusudia mnunuzi anayeunda kompyuta mwenyewe au anayemwagiza fundi amuundie, hasa yule anayeishi kwenye joto, vumbi na hewa ya chumvi, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, kwa sababu ushauri mwingi unaosomwa kuhusu makasha umeandikwa na wakazi wa nchi za baridi, na sehemu ya ushauri huo haifai kuchukuliwa jinsi ilivyo.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa madabodi, yaani ubao mkuu ambamo prosesa, kumbukumbu ya RAM na kadi nyingine huchomekwa. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza kiwango kiitwacho ATX, ambacho kiliweka bayana vipimo vya ubao huo, mahali pa matundu yake ya skrubu, mahali pa soketi za nyuma, na umbo la pawasaplai, kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza hadi kiasi kinachohitajika ndani ya kompyuta. Madabodi kamili ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Ile ya microATX ni mraba wa milimita 244. Na Mini-ITX, iliyobuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170. Kwa kuwa matundu ya skrubu ya madabodi ndogo hulingana na baadhi ya matundu ya ile kubwa, kasha lililotengenezwa kwa ajili ya ATX kwa kawaida hupokea aina zote tatu, ilhali kasha la Mini-ITX halipokei ila madabodi ya aina yake. Uthabiti wa kiwango hicho ndio unaofanya kasha zuri lililonunuliwa miaka mingi iliyopita liweze kubeba madabodi iliyotoka kiwandani mwaka huu, na ndiyo sababu fedha inayotumika kwenye kasha hukaa muda mrefu kuliko ile inayotumika kwenye prosesa.

Kwa watumiaji walio wengi, kasha la kusimama la ukubwa wa kati, lenye kimo cha sentimita 45 hivi na ujazo wa lita 40 hadi 50, ndilo linalofaa. Makasha madogo ya chini ya lita 20 yanapendeza na hayachukui nafasi mezani, lakini hudai pawasaplai ndogo ya aina ya SFX, ambayo kwa uwezo uleule huuzwa ghali zaidi na haipatikani katika kila duka, na hubana vifaa vyenye joto karibukaribu, jambo ambalo katika chumba kisicho na kiyoyozi hulipiwa kila siku kwa kelele za feni na kwa mashine inayopunguza kasi yake yenyewe. Kasha dogo linunuliwe na mtu ambaye nafasi kweli imemlazimisha.

Baada ya madabodi huja vipimo vitatu ambavyo husahaulika mpaka siku ya kufunga vifaa. Cha kwanza ni urefu wa kadi ya michoro, yaani kadi inayotengeneza picha za kwenye skrini: kadi kubwa za miaka ya karibuni huzidi milimita 300, na baadhi hupita 330, hivyo kipimo cha kadi iliyokusudiwa kilinganishwe na kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya kasha. Cha pili ni kimo cha kipozeo, kifaa chenye mapezi ya aluminiamu na feni kinachokaa juu ya prosesa na kuiondolea joto. Vipozeo vikubwa vya hewa, kama NH-D15 ya kampuni ya Noctua, vina kimo cha milimita 165, na kasha jembamba huzuia paneli ya ubavuni isifunge. Cha tatu ni nafasi ya rejeta kwa anayetumia kipozeo cha maji, ambacho hupeleka joto la prosesa kwenye rejeta kwa njia ya mipira na kulipuliza nje kwa feni. Rejeta ya feni mbili huitwa ya milimita 240, nayo pamoja na feni zake hufikia unene wa milimita 50 na ushee, na ikifungwa mbele ya kasha hupunguza kwa kiasi hichohicho nafasi ya kadi ya michoro. Watengenezaji wengi huandika urefu mkubwa kabisa wa kadi bila kuihesabu rejeta ya mbele, kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuutoa unene huo mwenyewe. Aidha, waya wa umeme wa kadi nyingi huchomekwa kwenye ukingo unaotazama paneli ya ubavuni, na waya huo hauwezi kukunjwa ghafla bila kudhurika. Sentimita tatu au zaidi kati ya ukingo wa kadi na paneli zitamwepushia mtumiaji kiunganishi kilicholegea.

Kundi moja la wanunuzi linahitaji tahadhari ya peke yake. Katika maduka ya Kariakoo na ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi huuzwa kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, nyingi zikiwa za Dell, HP na Lenovo, na mara nyingi mtu hununua moja ya hizo kwa bei nafuu akiwa na nia ya kuihamishia baadaye kwenye kasha kubwa ili aongeze kadi ya michoro. Nia hiyo hukwama, kwa sababu nyingi ya mashine hizo hazifuati kiwango cha ATX: madabodi ina umbo lake, viunganishi vya umeme si vile vya pini 24 vinavyotumiwa na pawasaplai za kawaida, na waya wa swichi ya kuwashia una mpangilio wa kiwanda husika. Zile nyembamba za kulala mezani hazipokei hata kadi yenye bamba la kimo kamili cha milimita 120, bali zinataka kadi fupi yenye bamba la milimita 80 hivi. Anayetaka mashine ya kukua naye ajenge juu ya kasha na madabodi za kiwango tangu mwanzo. Anayenunua ile ya ofisini aitumie katika kasha lake la asili, ambalo kwa kazi za ofisi linatosha kabisa.

Suala la hewa ndilo linalostahili kupimwa kwa makini kuliko yote. Kila uniti ya umeme inayoingia kwenye kompyuta hatimaye hugeuka joto, na joto hilo halina njia ya kutoka isipokuwa kubebwa na hewa; kasha, hata likiwa na feni kumi, haliwezi kuvipoza vifaa vikawa na ubaridi kuliko hewa ya chumba. Kutokana na kanuni hiyo, joto la chumba likipanda kwa nyuzi kumi, joto la prosesa na la kadi hupanda kwa kiasi kinachokaribia hizohizo. Majaribio mengi ya makasha hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi ishirini na kitu za Selsiasi, ilhali chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo kasha lililosifiwa kuwa linaweka prosesa kwenye nyuzi 80 Ulaya litaifikisha karibu na 90 katika chumba hicho, na prosesa nyingi za sasa huanza kujipunguzia kasi zinapofika kati ya nyuzi 95 na 100 ili zisiungue. Mtumiaji huona mashine imekuwa nzito mchana na nyepesi usiku, akalaumu programu, ilhali chanzo ni hewa.

Kinachoamua hewa zaidi ya chochote ni uso wa mbele. Feni za mbele huvuta hewa ya chumba, hewa hiyo hupita juu ya diski, kadi na kipozeo, kisha feni ya nyuma na zile za juu huitoa. Makasha mengi ya bei nafuu yana kioo kizima mbele, na nyuma ya kioo hicho feni tatu zenye taa ambazo hewa yake yote hupitia kwenye ufa mwembamba wa pembeni. Feni hizo huzunguka na kung'ara, lakini huvuta hewa kidogo sana. Uso wa wavu wa bati lenye matundu madogo ndio unaofaa kwenye joto. Namna ya kupima dukani ni nyepesi: tochi ya simu imulikwe nyuma ya uso wa mbele, na mwanga ukionekana wazi kwa mtu aliye upande wa pili, hewa nayo itapita; mwanga ukiwa hafifu au ukionekana kwenye kingo tu, kasha hilo libaki dukani. Mahali pa feni pakaguliwe pia, kwa kuwa feni kubwa ya milimita 140 hupitisha hewa ileile kwa mizunguko michache na kelele kidogo kuliko ile ya milimita 120. Kwa kompyuta ya kawaida yenye kadi ya michoro ya kiasi, feni mbili za mbele na moja ya nyuma zinatosha.

Hapo hapo vumbi nalo lina neno lake. Kasha ambalo feni za kuingiza hewa zina nguvu kuliko za kutoa hujaa hewa kwa msukumo mdogo unaozidi ule wa nje, hivyo katika kila ufa hewa hutoka badala ya kuingia, na vumbi hukamatwa na machujio yaliyowekwa mbele ya feni; kasha lenye feni nyingi za kutoa kuliko za kuingiza hunyonya vumbi kupitia matundu yasiyo na chujio. Katika miji ya bara yenye vumbi jekundu, na pia kwenye nyumba zilizo kando ya barabara isiyo na lami, mpangilio wa kwanza ndio unaofaa. Lakini chujio lililoziba ni baya kuliko kutokuwa na chujio, kwa maana huikata hewa kimyakimya, kwa hiyo sifa ya kutafutwa ni chujio linalochomoka kwa mkono bila bisibisi, lile la mbele na lile la chini ya pawasaplai, ambalo katika makasha duni huwa limebanwa kwa vishikizo vya plastiki ambavyo humlazimu mtu kulipindua kasha zima. Machujio yaoshwe kwa maji, yakaushwe kabisa, kisha yarudishwe. Kwenye vumbi jingi kazi hiyo hufanywa kila baada ya wiki chache.

Kioo cha ubavuni ni suala la pili kwa umuhimu kwa wanaopenda kuona vifaa vyao, na hakina ubaya kwa hewa ikiwa uso wa mbele ni wa wavu. Hatari yake iko sakafuni. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kina nguvu kikigongwa katikati, lakini kona au ukingo wake ukigusa kwa kishindo kidogo kitu kigumu kama kigae, kioo chote hupasuka vipande vidogo mara moja, na nyumba nyingi za mijini sasa zina sakafu ya vigae. Paneli ya kioo ilazwe juu ya kitanda au blanketi kila inapotolewa, na mnunuzi anayejua kwamba kompyuta yake itafunguliwa mara kwa mara na mikono mingi, kwa mfano ya shuleni au ya kituo cha kuchapa na kudurufu, achague paneli ya bati.

Mahali kasha litakapokaa paamuliwe kabla ya kulinunua. Makasha ya siku hizi huweka pawasaplai chini, ikivuta hewa kupitia sakafu ya kasha, kwa hiyo yanahitaji miguu yenye kimo cha sentimita mbili au zaidi na hayafai kuwekwa juu ya zulia. Kuliweka sakafuni, mvunguni mwa meza, ni kulipeleka penye vumbi la ufagio na, katika nyumba za pwani, penye maji ya kupiga deki, ambayo huingia kwa chini bila kuonekana. Stuli fupi au kona ya meza ni mahali bora zaidi. Kasha lenye matundu ya juu lisifunikwe kitambaa mashine ikiwa inafanya kazi. Kitambaa kina faida kubwa ikiwa imezimwa, na hapo kinastahili kutumiwa. Vilevile vifuniko vya nafasi za kadi upande wa nyuma vihesabiwe: katika makasha ya bei ya chini vifuniko hivyo ni vipande vya bati vinavyovunjwa mara moja na havirudishiki, na kila tundu linaloachwa wazi huwa mlango wa mende na mijusi, ambao hupenda joto la ndani na huweza kusababisha shoti kwenye madabodi. Vile vya kufungwa kwa skrubu vinafaa zaidi, na visivyotumika vitunzwe.

Kazi ya kasha ambayo haionekani kabisa ni ile ya usalama wa umeme. Kasha la chuma, kupitia skrubu za pawasaplai, huunganishwa na waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita kwa mtu. Waya huo usipokuwepo, ama kwa sababu nyumba haina nondo ya ardhi ama kwa sababu waya wa kuongezea ni wa pini mbili, vichujio vya umeme vilivyomo ndani ya pawasaplai huacha kwenye bati la kasha umeme mdogo unaokaribia nusu ya volti za ukutani, na mtu mwenye miguu mitupu juu ya sakafu huhisi ganzi au mtekenyo anapoligusa. Hali hiyo haiponi kwa kubadilisha kasha, wala kwa kulifunika plastiki; dawa yake ni kuweka ardhi, na fundi umeme aitwe. Kasha linalopakwa rangi nzito kila mahali, hata pale pawasaplai inapokutana na bati, linategemea skrubu peke yake kwa muungano huo, hivyo skrubu zote nne zifungwe.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, chumvi iliyomo hewani hushikamana na vumbi, hunyonya unyevu, na tando hilo huanza kula chuma kupitia kila mkwaruzo. Makasha mengi ni ya bati la chuma lililopakwa zinki kabla ya rangi, nayo hushika kutu kwanza kwenye kingo zilizokatwa na kwenye vichwa vya skrubu. Aluminiamu huvumilia zaidi lakini bei yake huwa juu sana, na kwa wengi haina haja. Inatosha kuchagua bati lenye rangi iliyoshika vizuri ndani na nje, kuepuka kasha lililokwaruzwa dukani, na kulifuta kwa kitambaa kikavu mara kwa mara.

Kuhusu kelele, makasha yenye sponji ya kuzuia sauti ndani ya paneli huuzwa kwa bei ya juu na husifiwa sana, ila sponji hiyo huenda pamoja na uso wa mbele uliozibwa, na katika chumba ambamo pangaboi linazunguka mchana kutwa utulivu unaonunuliwa hausikiki. Fedha hiyo iende kwenye feni bora. Feni zenye kiunganishi kidogo cha pini tatu au nne huchomekwa kwenye madabodi, ambayo huziongezea au kuzipunguzia kasi kulingana na joto. Zile zenye kiunganishi kikubwa kinachounganishwa moja kwa moja na pawasaplai huzunguka kwa kasi moja tu, mchana na usiku, na mara nyingi ndizo zinazokuja bure na kasha lenye taa nyingi. Pawasaplai inayokuja ndani ya kasha la bei rahisi nayo isichukuliwe kuwa zawadi, kwani namba ya wati iliyobandikwa juu yake mara nyingi haiwezi kutolewa kwa uhakika, na kifaa hicho kikiungua huweza kuunguza madabodi na diski pamoja nacho. Kasha na pawasaplai vinunuliwe mbalimbali.

Mwisho, kasha lishikwe kwa mkono kabla ya kulipiwa. Bati la makasha hafifu lina unene wa nusu milimita, na paneli ikibonyezwa kwa kidole gumba hubonyea na kurudi kwa mlio. La milimita 0.7 au zaidi hukaa imara na halitetemi feni zinapozunguka. Kidole kipitishwe taratibu kwenye kingo za ndani, kwa sababu kingo zisizokunjwa hukata mikono ya fundi na hukwangua waya. Upande wa nyuma wa bamba linaloshika madabodi uwe na nafasi ya milimita 20 au zaidi ya kupitishia waya, la sivyo paneli haitafunga. Mfuko wa skrubu ufunguliwe kuhakikisha kwamba nguzo ndogo za shaba zinazoiinua madabodi zimo na zinatosha, tisa kwa madabodi kamili ya ATX. Nguzo iliyofungwa pasipo na tundu la madabodi hugusa njia za umeme kwa chini na kuiunguza, hivyo zile zisizohitajika ziondolewe kwanza. Soketi za USB za mbele zijaribiwe kwa kuchomeka kifaa, na ile ya aina ya C isilipiwe zaidi ikiwa madabodi haina kiunganishi chake. Diski za inchi 3.5 kwa anayehifadhi picha na video nyingi zihesabiwe nafasi zake, maana makasha mapya mengi yamebakiza mbili tu, na nafasi ya DVD karibu imetoweka.

Kwa mnunuzi wa pwani au wa mji wenye vumbi ambaye hana sababu maalumu ya kufanya vingine, uamuzi ni huu: kasha la kusimama la ukubwa wa kati linalopokea ATX, lenye uso wa wavu, machujio ya kuchomoka kwa mkono, nafasi ya feni mbili za milimita 140 mbele, na bila pawasaplai ndani. Aandike vipimo vya kadi na vya kipozeo chake kwenye karatasi, aende dukani na tochi ya simu pamoja na tepu ya kupimia, na asikubali kulipa kabla muuzaji hajamfungulia kasha naye akaliona ndani.